Kiduha kinaiba jeni za mtama: jenomu za mazao yetu zimesomwa, zimesema nini?

#1 Bwanashamba_Kongwa (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Kwenye ule uzi wa mbegu kuna mtu aliuliza swali zuri, watu wakaliruka wakaishia kubishana bei. Aliuliza kwa nini mtama wa Hakika au Wahi (mbegu zilizoboreshwa) ukipandwa kwenye shamba lenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, unatoka na nafuu, wakati mtama wa kienyeji uliopandwa siku hiyohiyo hatua chache pembeni unadumaa na kukauka. Mvua ile ile, udongo ule ule, hakuna dawa iliyopulizwa. Jibu la uhakika lilipatikana mwaka 2017, wakati mbegu zenyewe zilikuwa zimeshapandwa hapa nchini miaka mingi. Lilikuwa kwenye jenomu. Nitaeleza kwa urefu, mwenye haraka apite.

Jenomu ni jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe, yaani DNA yake yote, iliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C. Kuisoma ni kujua herufi hizo zimefuatana vipi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jenomu ya mtama ilichapishwa 2009, ina herufi kama milioni 730.

Sasa kiduha. Kwa wasiokijua, ni kile kijimea cha maua mekundu kinachochomoza pembeni ya shina la mtama, mahindi au uwele, kinanyonya mizizi kutokea chini. Kufikia unapoyaona maua, hasara imeshatokea. Mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kiasi kwamba ukiwa nazo kiganjani huwezi kuamini kuwa ni mbegu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Ila zina udhaifu mmoja. Chakula kilichomo ndani ya mbegu ni kidogo mno. Ikiota mbali na mzizi wa mtama, inakufa baada ya siku chache. Kwa hiyo haioti mpaka ipate ishara kwamba mzizi upo jirani.

Ishara hiyo ni kemikali zinazoitwa strigolaktoni, na anayezitoa ni mtama wenyewe. Hapa ndipo penye utamu. Mtama hautoi kemikali hizo kwa ajili ya kiduha. Udongo ukipungukiwa fosforasi, mzizi unaziachia ili kuita kuvu wema wanaoishi mizizini na kuusaidia kuchota fosforasi. Kiduha kinadandia wito usio wake. Ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linalojaa kiduha: njaa ya udongo inaufanya mtama uite kwa nguvu zaidi, na adui naye anasikia vizuri zaidi.

Watafiti, akiwemo Gebisa Ejeta wa Ethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani 2009, walikuwa na mitama isiyoamsha kiduha. Walichokosa ni sababu. Wakaichanganya na mitama inayoshambuliwa, wakalinganisha vinasaba vya watoto, na mwisho wakabanana kwenye jeni moja (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani) waliyoipa jina LGS1. Mtama wa kawaida unayo nzima. Mtama sugu umeipoteza au ni mbovu. Jeni hiyo ikikosekana, mzizi unaacha kutoa kwa wingi strigolaktoni aina ya 5-deoksistrigoli inayoamsha kiduha, na badala yake unatoa orobankoli. Kuvu wema bado wanaitika. Kiduha kinabaki kimelala.

Angalieni vizuri: mtama sugu haujaongezewa kitu. Umepungukiwa. Na ukisoma jenomu ya mtama mmoja peke yake huwezi kuliona hilo hata ukae nayo mwaka mzima, maana jeni isiyokuwepo haijitangazi. Unaiona pale unapoweka jenomu mbili sambamba, ya huyu na ya yule. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwenye uzi huu.

Ya wizi wa jeni nayaweka baadaye, kwanza nile.

#2 Chaurembo_wa_Area_C

Mkuu mimi DNA naijua ile ya kwa Mkemia Mkuu, ya kujua mtoto wa nani 😂 Leo mtama nao una DNA. Nimevuta kiti.

#3 mama_Tunu

Asante mleta mada. Mimi ni mwalimu wa msingi, nisaidie: hizo herufi zinasomwaje? Na mtu si atakuwa na herufi nyingi kuliko mtama, maana ndiye kiumbe mkubwa?

#4 Kijana_wa_Ngongona

Mwalimu, mleta mada akimaliza kula atanisahihisha, mimi nasoma mambo haya hapa chuoni.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake Uingereza walisoma kirusi kinachoshambulia bakteria, kikiwa na herufi 5,386 tu. Bakteria wa kwanza alisomwa 1995, herufi kama milioni 1.8. Jenomu ya binadamu ilitangazwa kukamilika 2003, baada ya miaka 13 na takriban dola bilioni 3. Na hapo haikuwa imekamilika kweli: karibu asilimia 8 ilibaki mashimo, yakaja kuzibwa 2022.

Kwa nini mashimo? Mashine nyingi hazisomi kromosomu nzima kwa mkupuo. DNA inakatwakatwa, mashine inasoma vipande vya herufi kama 150, halafu kompyuta inatafuta vinavyoingiliana mwisho kwa mwanzo na kuviunga. Tatizo ni maeneo yenye kurudiarudia. Ni kama kusikia kipande cha wimbo wenye kiitikio kimoja kinachorudiwa mara mia: ukidakia kiitikio tu, hujui mwimbaji yuko ubeti wa ngapi. Mashine mpya zinasoma vipande virefu vya maelfu hata malaki ya herufi, zinavuka kiitikio kizima na kutokea upande wa pili. Mojawapo inashikika kiganjani, inachomekwa kwenye kompyuta mpakato. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya waliwahi kuipeleka shambani kusoma virusi vya muhogo, wakafanyia kazi chini ya mti, na mkulima akajua siku hiyohiyo ana virusi gani.

Kuhusu ukubwa, jiandae kushushwa cheo. Binadamu ana herufi kama bilioni 3. Mahindi bilioni 2.3. Alizeti, hii hii ya Singida, bilioni 3.6, inatuzidi. Ngano inakaribia bilioni 17. Idadi ya jeni zenye maelekezo ya protini nayo haitubebi: sisi tuna kama 20,000, mtama una kama 30,000.

#5 Mjita_Dodoma

Na samaki? Niko Dodoma kikazi ila kwetu ni ziwani, kuna mtu aliniambia kamongo anatuzidi sote nikamwona muongo.

#6 Kijana_wa_Ngongona

Hakukudanganya. Kamongo wa Afrika aliyesomwa 2021 ana herufi kama bilioni 40, zaidi ya mara kumi ya zako wewe unayemla. Ndugu yake wa Amerika Kusini, matokeo yalitoka 2024, ana kama bilioni 91.

Hizo herufi zote si za akili. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili na kujipachika kwingine ndani ya jenomu hiyohiyo, kizazi hadi kizazi. Barbara McClintock aliviona kwenye mahindi miaka ya 1940, wenzake wakamtilia shaka, akapewa Nobeli 1983. Jenomu ya mahindi ilipokuja kusomwa 2009, ikaonekana takriban asilimia 85 yake imetokana na vipande vya namna hiyo. Kwa hiyo ukubwa wa jenomu hauonyeshi kiumbe ni mgumu kiasi gani kutengenezwa. Unaonyesha amebeba mizigo kiasi gani bila kuitupa.

#7 Mzabibu_Hombolo

Sisi wa zabibu tumesahaulika? Dodoma bila zabibu ni mada gani hiyo.

#8 Bwanashamba_Kongwa

Nimerudi. Mzabibu, zabibu ndiyo zao la kwanza la matunda kusomwa jenomu, 2007, na Wafaransa na Waitaliano. Na vipande vinavyoruka alivyovitaja kijana ndivyo vilivyokupa zabibu nyeupe. Zabibu asili yake ni nyeusi. Kipande kimoja kilijipachika kwenye jeni inayowasha rangi, jeni ya jirani yake nayo ikaharibika kwa njia nyingine, ganda likabaki bila rangi. Watu walipenda, wakakata vipando, wakasambaza.

Kuna jambo la kuangalia kwenye hilo la vipando. Mizabibu yote ya aina moja iliyotokana na kukata fimbo ina jenomu ileile kasoro mabadiliko madogo. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeweza shamba zima. Hilo uliwaze kabla hujajaza ekari zote aina moja.

Haya, wizi.

Kiduha cha maua mekundu kilisomwa jenomu 2019. Kabla yake, 2010, kundi la watafiti walikuwa wanapitia jeni za ndugu yake, kile kiduha kikubwa cha maua ya zambarau kinachosumbua zaidi kanda ya ziwa. Wakakutana na jeni isiyo ya ukoo wake. Kiduha ni mmea wa majani mapana kwa ukoo, uko mbali sana na nafaka. Jeni hiyo haikuwepo kwa mimea mingine ya majani mapana waliyoilinganisha nayo. Ilikuwepo kwenye nafaka, na iliyofanana nayo zaidi ilikuwa ya mtama. Maelezo yanayoingia akilini ni moja: wakati wa kunyonya, pamoja na maji na sukari, kinasaba kilivuka kutoka kwa anayenyonywa kwenda kwa anayenyonya, kikabaki humo na kurithishwa. Jenomu ya 2019 nayo ikaonyesha jeni nyingine zilizoingia kwa mlango huo.

Halafu masikio yake. Mimea mingi ina nakala moja au mbili tu za jeni ya kipokezi fulani cha kuhisi moshi na kemikali za udongoni. Kiduha kimeinakili jeni hiyo mara nyingi, na baadhi ya nakala zimebadilika zikawa za kunusa strigolaktoni tu. Moja kwa kile kikubwa ni kali kiasi cha kugundua kemikali hiyo hata ikiwa imechujuka mno ndani ya maji. Ndicho kinachokisaidia kungoja miaka yote hiyo bila kukosea.

#9 Jembe_halimtupi_mkulima

Sasa mkuu, kama jeni inaweza kuhama kutoka mtama kwenda kiduha, hizi mbegu zenu za maabara si ndiyo balaa? Hakika na Wahi ni GMO, mbegu zilizobadilishwa jeni, mnatuletea kimyakimya?

#10 Bwanashamba_Kongwa

Hapana, siyo GMO. Zilipatikana kwa kuchavusha mtama na mtama na kuchagua watoto, kazi ileile waliyofanya bibi zetu wakichagua masuke ya kuning'iniza juu ya moshi jikoni, tofauti ni kwamba hawa walikuwa na kumbukumbu za maandishi na mashamba ya majaribio. Kusoma jenomu si kuibadilisha. Unaweza kusoma jenomu ya simba na simba asijue.

Wasiwasi wako juu ya kuhama kwa jeni siutupi. Lakini zingatia kwamba matukio hayo yalitokea kiasili, bila mkono wa maabara yoyote.

#11 Gunia_Kibaigwa

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na karanga hapa Kibaigwa. Hizo jeni zinisaidie kwenye sumukuvu. Mnunuzi mmoja alinirudishia mzigo wote kwa kipimo cha sumukuvu, na kwa macho punje zilikuwa safi kabisa. Jirani yangu wa kizimba alitoa shehena kutoka kijiji hichohicho, ikapita. Mnanieleza nini?

#12 Maabara_Mpwapwa

Hapo naomba nijibu mimi, ni eneo langu.

Wote mnakumbuka 2016. Dodoma na Manyara, hasa Chemba na Kondoa, watu walianza kuugua: macho ya njano, matumbo kujaa, kutapika, watoto wakiwa wengi. Mwanzoni hakuna aliyejua ni nini. Ikaja kubainika ni sumukuvu kwenye mahindi, na karibu watu 20 walipoteza maisha. Sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali, joto la jikoni haliiwezi. Ukiila kidogokidogo kwa miaka inaliandaa ini kwa saratani.

Kinachotoa sumu ni kuvu, mara nyingi Aspergillus flavus, anayekaa udongoni na kuingia kwenye zao likiwa bado shambani, hasa ukame ukilibana mwishoni. Jenomu yake ina herufi kama milioni 37. Jeni za kutengeneza sumu ziko zaidi ya 25, na zimepangana mahali pamoja kwenye kromosomu, kila moja na hatua yake katika utengenezaji. Ikiharibika moja ya muhimu, kazi yote inakwama na sumu haitoki. Hapo ndipo jibu lako lilipo, Gunia. Kuvu wawili wanaofanana hata kwenye darubini, mmoja ana mlolongo mzima wa jeni hizo, mwingine umekatika. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na wote wawili, na shamba lililotawaliwa na mwenye mlolongo mzima ndilo linalokuponza. Ongeza namna kila mkulima alivyoanika na kuhifadhi, ndiyo maana mizigo miwili ya jirani inapishana.

Sasa sikia hili, mimi hunifurahisha kila nikilieleza. Japani wana kuvu wanayeitumia kwa karne nyingi kutengenezea mchuzi wa soya na pombe ya mchele, anaitwa Aspergillus oryzae. Jenomu yake ilisomwa 2005. Ikilinganishwa na ya kuvu wetu muuaji, zinakaribiana kiasi kwamba wataalamu wengi wanamwona kuwa ni yuleyule aliyefugwa. Jeni za sumu anazo, au mabaki yake, ila zimezimika. Kwa baadhi ya mbari (koo ndogo ndani ya aina moja ya kuvu) kipande kikubwa kimepotea kabisa. Ukimtazama kwa macho ungemchoma moto. Majirani zake wa kijenomu wanaua watu Chemba, yeye yuko mezani mwa watu Tokyo.

Kutokana na kuelewa hivyo ndipo ilipopatikana Aflasafe, kinga ya sumukuvu inayowekwa shambani. Ya kwetu, Aflasafe TZ01, ina mbari nne za kuvu zilizookotwa hapahapa Tanzania, ambazo kwa asili haziwezi kutengeneza sumu. Zinapakwa kwenye punje za mtama uliokaangwa usiote, unamwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla zao halijachanua. Wale wema wanawahi nafasi, wabaya wanakosa pa kukaa. Bado lazima ukaushe vizuri na utupe punje zilizovunjika, hakuna njia ya mkato.

#13 Gunia_Kibaigwa

Daktari nimekuelewa kuliko semina zote. Kwa hiyo kuangalia ukungu kwa macho ni kazi bure?

#14 Maabara_Mpwapwa

Si bure, punje yenye ukungu itupe, tena usimpe kuku. Ila isiyo na ukungu haijakupa cheti. Kipimo ndicho kinachosema. Na mimi si daktari, ni mtu wa maabara tu 😀

#15 Mzee_Chilonwa

Vijana mnazungumza vizuri. Mimi nauliza la kwelea. Zamani tulilima mtama mwekundu mchungu, ndege walikuwa wanaupita. Siku hizi mnatuhimiza mweupe, tunashinda shambani na makopo kutoka alfajiri hadi magharibi. Hilo nalo limo kwenye jenomu?

#16 Bwanashamba_Kongwa

Shikamoo mzee. Limo, tena limeelezwa vizuri.

Uchungu wa mtama wenu ni tanini. Mwaka 2012 ilijulikana jeni inayohusika, wakaiita Tannin1. Mtama mweupe usio na uchungu una jeni hiyo ikiwa imekatika. Mwaka 2019 watafiti wakachukua hatua nzuri zaidi: walilinganisha mahali ambapo mtama wa tanini unalimwa Afrika, mahali kwelea wanapoishi, na jeni za watu wenyewe za kuonja uchungu. Vikaoana. Penye kwelea wengi, mashariki na kusini mwa Afrika, mtama wa tanini ulibaki, na watu wa huko wana zaidi aina za vipokezi vya ulimi zisizouhisi sana uchungu huo. Afrika Magharibi, kwelea na tanini vyote ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo mzee, mlichofanya miaka yote ilikuwa hesabu ya ndege na ulimi. Sisi maofisa tulipokuja na mtama mweupe kwa ajili ya soko la viwanda vya bia na unga laini, gharama ya kuamia ndege tulimwachia mkulima. Mwenye watoto wachache shambani asidharau mwekundu.

#17 Mzee_Chilonwa

Marahaba. Nimekupata, mwanangu. Mjukuu ananisomea.

#18 Kwamtoro_mmoja

Mmezunguka kote, watu wenyewe hamjagusa. Sisi Wasandawe wa huku Chemba na ndugu zetu Wahadzabe tumechukuliwa damu na mate tangu tukiwa wadogo tunasikia habari hizo. Zimesomwa? Zikasema nini? Na sisi tumebaki na nini?

#19 Kijana_wa_Ngongona

Kaka, zimesomwa. Mwaka 2012 kikundi cha Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiwemo watafiti wa Afrika, walichapisha jenomu kamili za watu 15: Wasandawe watano, Wahadzabe watano, na watano wa jamii za wawindaji wa misituni Cameroon. Kwa watu 15 tu walikuta tofauti za kinasaba zaidi ya milioni 13, na mamilioni kati ya hizo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Ni kwa sababu jamii za Afrika zilikuwa zimesomwa kidogo sana. Hata jenomu ya marejeo, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo, ilitokana na watu wachache sana, sehemu kubwa mtu mmoja. Mwaka 2023 ndipo ikatoka rasimu ya marejeo iliyounganisha watu 47 wa asili mbalimbali.

La maziwa pia lilitoka kanda hii. Watu wazima wengi duniani hawamudu sukari ya maziwa mabichi. Wazungu wengi wanamudu kutokana na badiliko la herufi moja karibu na jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari hiyo. Utafiti wa 2007 uliopima jamii za Tanzania, Kenya na Sudan ukakuta wafugaji wetu nao wanamudu, ila kwa herufi nyingine kabisa, iliyotokea hukuhuku na kuenea kwa kasi ndani ya miaka elfu chache iliyopita, ng'ombe walipofika. Matokeo yaleyale, njia tofauti.

La mmebaki na nini, kwa kweli swali lako ni zito kuliko majibu yangu.

#20 Maabara_Mpwapwa

Naongezea la utaratibu. Utafiti wa sampuli za watu nchini unatakiwa uwe na kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wanahusika, na mchangiaji asomewe kwa lugha anayoielewa na awe na haki ya kukataa. Akija mtu na chupa za mate bila karatasi hizo, mwambie arudi alikotoka. Kurudisha majibu kijijini bado tuko nyuma, wala sitawatetea wenzangu kwa hilo. Kuchapisha jarida la Kiingereza si kumjibu mtu wa Kwa Mtoro.

#21 Kwamtoro_mmoja

Angalau mmoja amesema. Asante.

#22 Chaurembo_wa_Area_C

Mibuyu je? Isije ikawa nayo si ya kwetu 😅

#23 Bwanashamba_Kongwa

Umeuliza pabaya. Utafiti wa 2024 ulisoma jenomu za spishi zote nane za mbuyu duniani, na ukahitimisha kuwa ukoo wake ulianzia Madagaska. Mmoja ulifika bara la Afrika, mwingine Australia, inaelekea mbegu zilisafirishwa na maji ya bahari. Huyu wetu ni mhamiaji, ila kahamia zamani kiasi kwamba hata mtu hakuwepo wa kumuuliza hati.

#24 Jembe_halimtupi_mkulima

Narudi kwenye kiduha maana ndicho kinachonila mimi. Kama kina masikio mengi hivyo, na kinaiba jeni, kitashindwaje kuizoea Hakika? Mwisho tutarudi palepale.

#25 Bwanashamba_Kongwa

Kinaweza, na sitakuficha. Orobankoli haikiamshi vizuri, lakini ndani ya mamilioni ya mbegu zilizomo shambani kwako hazikosi chache zenye kipokezi tofauti. Ukipanda Hakika mfululizo miaka yote unazichagua hizo chache ziwe nyingi. Halafu kuna la pili: utafiti wa 2020 uliopitia mitama ya kienyeji ya Afrika ulikuta kukosekana kwa LGS1 kunapatikana zaidi maeneo yenye kiduha, na nje ya hapo ni nadra. Maana yake jeni hiyo ina kazi, kuikosa kunaweza kuwa na gharama kwa mmea. Shamba lisilo na kiduha halina sababu ya kukimbilia mbegu hii.

Ninachowaambia wakulima wangu: mwaka wa Hakika, mwaka wa kunde au karanga. Mizizi ya baadhi ya aina za kunde inakiamsha kiduha lakini hakiwezi kuinyonya, kinaota na kufa njaa, akiba ya mbegu ardhini inapungua. Samadi usiiache, udongo wenye fosforasi unapunguza ule wito wa mizizi. Kiduha kilichochomoza king'oe kabla hakijachanua, si baada.

#26 Jembe_halimtupi_mkulima

Sawa. Na mbegu nikijitunzia mwenyewe, usugu unabaki?

#27 Bwanashamba_Kongwa

Mara ya kwanza nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Baada ya hapo unaweza kutunza misimu kadhaa, mtama unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si yote. Chavua ya kienyeji kutoka kwa jirani ikiingia inaleta LGS1 nzima, na nakala moja nzima inatosha kuurudisha ule wito. Kwa hiyo masuke ya mbegu chukua katikati ya shamba, usichukue mpakani na jirani, na shina lolote uliloona limezungukwa na kiduha usilitolee mbegu hata kama suke lake ni nene.